Mafia na watoto na mama mkwe: nyumba tuliyolipia tumekuta ina watu, papa potwe tumemwona kwa sababu ya gesti

MamaWawili ameandika:

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikikaribia Desemba humu unaletwa uzi wa "niipeleke wapi familia baharini tofauti na Zanzibar", na kila mwaka unaishia kwenye ubishi wa Bagamoyo na Kigamboni. Jibu langu mimi ni kisiwa cha Mafia. Ila siyo Mafia ya kwenye matangazo, ya kitanda cheupe na juisi ya nazi. Sisi tumelala kwenye banda linalovuja, tukahamia gesti inayonuka dagaa, na hiyo gesti ndiyo iliyotupeleka kwa papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani. Nitashusha kidogo kidogo, natumia simu.

Msafara: mimi, baba watoto, binti wa darasa la sita, mdogo wake wa la pili, na mama mkwe. Mama mkwe ni mtu wa Newala. Bahari kwake ni kile kitu cha buluu unachokiona dirishani basi likipita Lindi. Alikubali kuja kwa sharti moja, hapandi ndege. Kwa hiyo ile ndege ndogo ya nusu saa kutoka Dar tukaiacha, tukaenda kwa njia ya wananchi: Mbagala Rangi Tatu, Mkuranga, ukifika Bungu unaiacha barabara ya Kilwa unakata kushoto mpaka Nyamisati.

Nyamisati ni gati ya wavuvi kwenye delta ya Rufiji, mikoko pande zote. Hapo unapanda MV Kilindoni, au boti za watu binafsi kama una haraka na moyo mgumu. Chombo kinaangalia maji kwanza ndipo kinaangalia saa, hivyo fikeni mapema au laleni pale pale. Tukiwa tunatoka kwenye mkondo baba watoto, ambaye akiona maji anageuka mwalimu wa historia, akaanza kuwasimulia watoto kwamba humo mikokoni ndimo Wajerumani walimoificha manowari yao Königsberg, na Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915 ili wapate pa kuanzia kuisaka kwa ndege, mpaka ikamalizwa Julai mwaka huo huo. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na sisi unatupeleka kujificha nani anatutafuta?"

Safari ya majini ni masaa kadhaa na kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma. Mdogo alitapika. Basi, hayo yamepita.

Naendelea baadaye, nikalaze watu.

---

Kaka wa Tandika:

Naweka kigoda hapa. Shusha dada, usituache njiani kama wale wa "itaendelea" ya 2019.

Pweza Mkavu:

Subiri waje wale wa "Mafia ya Kilindoni au ya Italia".

Ngazi Mia:

Nilikuwa naiandika hiyo hiyo, umeniwahi.

---

MamaWawili ameandika:

Nimerudi. Sasa habari ya nyumba.

Tuliipata kwenye ukurasa wa mtandaoni. Jina siliweki, msinifuate pembeni kuniuliza. Vyumba vitatu, baraza inayotazama ghuba ya Chole pale Utende, jenereta, mpishi, maji saa zote. Mwenyewe tuliongea naye kwa simu, sauti ya kistaarabu, akataka nusu itangulie. Tukatuma, akatuletea risiti yenye mhuri. Kwa hiyo wale mnaojiandaa kuandika "mlipigwa" mtulie. Nyumba ipo, picha ni zake, mwenye nyumba yupo. Tatizo ni kwamba nyumba ilikuwa na watu.

Kutoka Kilindoni, mji wa gati tuliposhukia, mpaka Utende ni lami, kama kilomita 14, unakatiza kisiwa kutoka magharibi kwenda mashariki katikati ya minazi. Kabla ya kufika kuna geti la Hifadhi ya Bahari, mnalipia kwa kichwa na kwa siku. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, ila bebeni vitambulisho. Tulishuka kwenye bajaji jua linazama. Barazani wamekaa Wazungu wanaanika nguo za kuzamia, mitungi ya hewa imepangwa ukutani. Mtunza nyumba, kijana wa hapo hapo, akatutazama sisi, mabegi yetu, na ndoo ya mama mkwe iliyojaa korosho na unga wa muhogo, akashika kichwa.

"Mbona bosi kaniambia nyinyi mnakuja keshokutwa?"

Baba watoto akatoa risiti. Tarehe ni ya leo. Kijana akapiga simu kwa bosi, ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, haipatikani. Bosi ameingia mitini.

Wale Wazungu nao walikuwa wamelipa, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu pale barazani. Mmoja alitoa biskuti akawapa watoto, akatuachia na chai yao. Kijana wa watu akahangaika, akatufungulia banda la uani analolala mpishi msimu ukichanganya. Kitanda kimoja kikubwa, godoro moja la chini, chandarua kimoja. Pampu ya kisima imekufa, maji ya kuoga ni ya kuchota na yana chumvi. Tukasema usiku mmoja hauui mtu.

Usiku wa manane mvua ya vuli ikashuka. Wenye uzoefu wa makuti yaliyochoka mnajua: maji hayadondoki mahali pamoja ukaweka ndoo ukalala. Yalifuata pau, yakateremka kwenye kamba ya chandarua, chandarua kikanyonya, kikajaa katikati, kikaanza kushuka taratibu mpaka kikagusa pua ya baba watoto. Aliamka akipigana nacho. Katika kupigana akakichana, bwawa lote likamwagika kwenye godoro la chini walikolala watoto.

Tumekaa tumekunja miguu, tochi ya simu inawaka, juu ya paa kikaanza kilio cha mtoto mchanga. Analia, ananyamaza, analia upande mwingine. Mama mkwe akaanza kusali kwa sauti. Mimi nilikaa kimya maana hata mimi nilikuwa nasali. Kumbe ni komba. Wapo Mafia, usiku wanatoka kutafuta matunda na wadudu. Binti yangu, ambaye Dar akiona mjusi anapanda mezani, nilimkuta nje kwenye manyunyu na tochi anamulika mnazi, macho mawili mekundu yanamtazama na yeye anayatazama. Nikamwambia ingia ndani. Akanijibu, "Mama, yuko na mwenzake, nyamaza."

Alfajiri naenda kuoga nakuta kaa bafuni, kaa mkubwa wa nchi kavu, amekalia sabuni. Nilipomsogelea na ufagio akanyanyua gando, hakutoka. Nikaoga na kaa.

---

Mzizima Halisi:

Dada ungebaki na hao Wazungu barazani 😂 Ila kulipa nusu ya nyumba ambayo hujaiona, hapana kwa kweli.

MamaWawili:

@Mzizima Halisi Desemba Utende kila mtu anataka nusu itangulie, hata hoteli kubwa. Bila hivyo hupati kitu. Risiti ninayo, na ndiyo iliyotusaidia, subiri.

Mwana Kilindoni:

Mimi mwenyeji wa kisiwani, aibu nimeiona mimi. Hiyo tabia imeingia miaka ya karibuni, mtu ana nyumba moja anaiuza sehemu tatu kwa wakati mmoja, anayefika kwanza ndiye mgeni. Pole sana. Hapo ofisi ya kijiji mlienda?

---

MamaWawili ameandika:

@Mwana Kilindoni tulikwenda, na hiki ndicho kipande ninachotaka watu wakishike.

Asubuhi kijana wa nyumba ndiye aliyetuelekeza, kwa sauti ya chini: nendeni kwa mtendaji. Tukaenda sote, na ndoo. Ofisi ni chumba kimoja, meza, kauntabuku yenye mistari iliyochorwa kwa mkono. Mtendaji akasoma risiti, akasoma tena, akauliza mama mzee amekula? Akatumwa mtu kuleta vitumbua. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akapiga namba ile ile iliyokuwa haipatikani tangu jana.

Ikapokelewa mlio wa kwanza.

Sikusikia upande wa pili, nilisikia tu "ndiyo... ndiyo... sasa wageni wako wapo ofisini kwangu na bibi yao." Mwenye nyumba akasema nyumba itakuwa wazi keshokutwa, tukae tu bandani kwa nusu bei. Mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa anatafuna kitumbua, akasema, "Mwambie banda nimemwachia kaa." Kabla ya saa sita mchana hela ilikuwa imerudi kwenye simu, pungufu ya usiku mmoja. Tukasaini kauntabuku, tukaagana vizuri. Kwa hiyo mkipata mkasa huko vijijini, msianzie polisi na msianzie mtandaoni. Mtendaji wa kijiji anamjua mwenye nyumba, anamjua na mama yake.

Tatizo likabaki, tunalala wapi. Utende yote imejaa, na palipo na nafasi ni bei ya dola. Tukarudi Kilindoni, tukapata gesti karibu na soko, chumba chini ya elfu arobaini, tukachukua viwili. Chaga za kitanda cha watoto zilivunjika usiku wa kwanza, fundi akaja na misumari asubuhi, tukalala. Shuka safi, maji yapo, feni inafanya kazi umeme ukiwepo. Ila harufu! Upande wa pili wa uzio watu wanaanika dagaa kwenye vichanja, na upepo ukigeuka unalala ndani ya gunia la dagaa. Baba watoto siku ya kwanza alikuwa anapumulia leso. Siku ya tatu alikuwa anauliza bei ya kilo.

Sasa sikilizeni ramani, maana watalii wengi inawachanganya. Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995 na ni ya kwanza Tanzania, inashika kusini na mashariki mwa kisiwa: ghuba ya Chole, visiwa vidogo vya Juani na Jibondo, na miamba ya huko. Hoteli nyingi ziko Utende kwa ajili hiyo, matumbawe yako pale. Lakini potwe hayuko huko. Potwe anakuja upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa na delta. Rufiji inamwaga rutuba, rutuba inalisha vijidudu vya majini, uduvi wanajaa, dagaa wanafuata uduvi, na potwe anakuja kufyonza. Wale wa Utende wanaamka usiku kupanda gari kuja Kilindoni. Sisi tulikuwa tumelala Kilindoni tayari, tena ukuta mmoja na watu wa dagaa.

Mama mwenye gesti ana mtoto wa kiume anayetoka na boti la ringi neti, yaani wavu wa kuwazungushia dagaa. Kila alfajiri likirudi, mama anauliza kwa kupaza sauti dirishani: "Mmewaona?" Siku mbili jibu lilikuwa hapana. Ya tatu kijana akajibu, "Wawili, wametuzunguka neti, mmoja ilibidi tumfungulie atoke." Mama akaja kutugongea mlango kwa kijiko cha upawa.

---

Kaka wa Tandika:

Hapa sasa ndipo nilipokuwa napasubiri.

Afisa Mstaafu:

Ringi neti na potwe wanafuata kitu kimoja, kwa hiyo kukutana lazima. Zamani alipoingia kwenye nyavu ilikuwa balaa, neti inachanika na samaki anaumia. Siku hizi wavuvi wengi wanashusha upande mmoja anatoka mwenyewe. Elimu imesaidia, na wameona kwamba potwe akiwa hai analeta wageni.

---

MamaWawili ameandika:

Tulikodi boti ya mbao yenye kivuli cha turubai, bei ya boti nzima na siyo ya kichwa, tukachangia na wanandoa wa Dodoma tuliokutana nao gestini. Kabla ya kuondoka mwongozaji alitukalisha gatini, akasema masharti hata mdogo akaelewa. Hakuna kumgusa. Kaa mbali naye mita tatu, ukiwa nyuma kaa mbali zaidi kwa sababu ya mkia. Usimkatie njia mbele ya mdomo. Hakuna mwanga wa kamera. Na usiruke kwa kishindo, teleza. Watoto wakavalishwa jaketi okozi, na mimi nikavalishwa la kwangu bila kuulizwa.

Nahodha alisimama juu ya kiti cha nyuma akiendesha kwa mguu, macho anayasaka maji. Hatafuti pezi kwanza. Anatafuta ndege. Ndege wakishuka pamoja mahali pamoja, dagaa wapo juu; maji yakichemka, kuna anayewasukuma kutoka chini. Tulizunguka mpaka jua likakaza, mama mkwe amejifunika khanga kichwani kimya, wa Dodoma wameanza kuulizana kama hela inarudishwa. Mara nahodha akazima mashine.

"Huyo."

Mimi sikuona kitu. Niliona kivuli cha wingu majini, halafu nikakumbuka wingu hakuna.

Baba watoto na binti wakateleza. Nikafuata na mdogo nimemshika mkono wa jaketi. Niliweka uso majini, povu likanizuia, lilipotulia nilikuta ubavu unapita mbele yangu. Haupiti haraka. Unapita, unapita, bado unapita. Ngozi ya kijivu imejaa madoa meupe ya kanga, yale manyoya ya ndege kanga hasa, safu kwa safu, na katikati ya safu kuna mistari myembamba. Mwongozaji alituambia baadaye kwamba hakuna potwe wawili wenye madoa yanayofanana. Watafiti wanapiga picha ubavu wa kushoto nyuma ya matamvua, wanajua huyu ni fulani aliwahi kuonekana mwaka fulani. Chini ya tumbo kulikuwa na samaki wadogo wanaomfuata kivulini, wametulia hawana wasiwasi na mtu. Halafu ukaja mkia, mrefu kunizidi, ukasukuma maji mara moja tu na nikahisi kifuani.

Mdogo alikuwa ananiminya mkono. Nilidhani anaogopa. Alipotoa mrija mdomoni alipiga kelele, "Hana meno!" Anayo, tukaambiwa, tena maelfu, ila madogo kabisa na hayamsaidii kula. Anachuja.

Kilichotokea kwa mama mkwe hakipo kwenye bei. Sisi tumeshasambaa majini tunamfukuzia yule aliyekuwa anaondoka, kumbe wa pili amekuja kwenye boti. Akasimama wima, mkia chini, mdomo juu usawa wa maji, chini kabisa ya pale alipokaa mama mkwe, akaanza kufungua na kufunga, maji na uduvi vinaingia kwa kishindo. Niligeuka nikaona mama ameinama ubavuni mwa boti, khanga imemdondoka, anamtazama ndani ya mdomo. Nahodha anamwambia bibi rudi nyuma, bibi harudi. Tulipopanda tulimkuta amelowa mpaka kiunoni. Akasema, "Huyu ana njaa kweli," na hakusema kingine mpaka gatini.

Sisi tuliolipa kuogelea tumeona ubavu na mkia. Yeye ambaye hakulowesha hata kidole kwa hiari kaona koo.

---

Pweza Mkavu:

Bibi kashinda likizo yote 🙌

Daktari wa Mimea:

Ni papa lakini? Yaani hakuna hatari kabisa kwa mtoto wa darasa la pili? Naomba jibu la kweli, siyo la kitalii.

MamaWawili:

@Daktari wa Mimea ni papa na ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, ila chakula chake ni hivyo vidogo. Wa Mafia wengi ni madume ambao hawajakomaa, wa kwetu walikuwa kama urefu wa daladala ndogo, wakubwa kabisa wanapita mita 12. Hatari ni mkia, mashine ya boti, na mawimbi. Mtoto asiyeelea vizuri abaki botini, na mmeona botini hakuna hasara. Cha kuangalia zaidi ni boti zenyewe: nyingine zinamzunguka samaki zikiwa tatu nne na watu wanarukiana. Ya kwetu nahodha alisubiri wenzake waondoke ndipo akasogea. Ulizeni hilo kabla ya kulipa.

Kizimkazi Kwetu:

Hapo umegusa donda. Pomboo wa kwetu Kizimkazi, Unguja, wanakimbizwa asubuhi mpaka unawaonea huruma. Mafia wakiacha na kwao itakuwa hivyo hivyo. Hiyo sehemu ya potwe si umesema iko nje ya hifadhi?

Afisa Mstaafu:

Ndiyo, sehemu wanayokusanyika iko nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari. Ile mipaka ilichorwa kwa ajili ya matumbawe, mikoko na nyasi bahari za kusini. Masharti ya kuogelea na potwe yapo, ila nguvu yake inategemea waongozaji wenyewe na kamati zao.

Mwana Kilindoni:

Naongeza moja. Wageni wanaambiwa potwe "anahamia" Mafia Oktoba mpaka Machi. Watafiti waliwafunga vifaa vya mawimbi ya sauti wakakuta wengi hawaondoki mbali. Msimu ukiisha wanasogea maji ya kina na hawapandi juu, kwa hiyo hawaonekani. Wazee wetu walikuwa wanasema hivyo hivyo tangu zamani, ila wazee hawana vifaa.

---

MamaWawili ameandika:

Kipande cha mwisho, Chole, halafu maswali.

Tulirudi Utende siku moja kwa ajili ya ghuba, kwa bajaji na kwa hesabu ya maji. Hapo mkumbuke bamvua. Maji yakitoka, yametoka kweli, mashua inakaa kwenye matope na wewe unatembea. Yakiwa yanapwa unapelekwa fungu la mchanga la Marimbani, unashuka katikati ya bahari kwenye kipande cha mchanga ambacho baada ya muda hakipo. Watoto walicheza mpira pale mpaka goli moja likamezwa. Matumbawe ni mazuri, ingawa mzee wa mashua alisema kabla ya joto la El Niño la 1998 kulikuwa na rangi ambazo sisi hatutaziona.

Chole chenyewe ni kisiwa kidogo, unakimaliza kwa miguu. Hakuna magari. Wakati wa Wajerumani ndipo palikuwa makao makuu ya Mafia yote kabla hayajahamia Kilindoni mwaka 1913, na magofu yapo, mizizi ya miti imeyakumbatia kuta mpaka hujui nani anamshikilia mwenzake. Juani ng'ambo kuna magofu ya Kua, ya zamani zaidi, hatukufika kwa sababu mama mkwe alisema magofu ya Wajerumani yanatosha.

Ila popo! Popo wa Chole ni wakubwa, wenye sura ya mbwa, wa aina inayopatikana Komoro. Mchana wamejipanga kwenye miti mikubwa wananing'inia mamia, wanagombana, wanajipepea kwa bawa moja. Wanakijiji hawawagusi, miti yao inalindwa. Jioni wanaanza kuondoka kwenda kula matunda kisiwa kikubwa, na wengine kabla hawajavuka wanashuka juu ya maji, wanalowesha kifua, wanapaa wanajilamba. Mwongozaji alisema wengine wanadhani ni kwa ajili ya chumvi na wengine wanadhani ni kutoa wadudu. Binti yangu ameshaamua ni chumvi na hataki mjadala.

Mama mkwe aliwaangalia sana, akauliza wanaliwa?

---

Ngazi Mia:

Hawaliwi bibi 😂😂 Dada, vipi kasa? Nasikia Juani wanatotoa.

MamaWawili:

@Ngazi Mia wanatotoa, ila vifaranga ni zaidi miezi ya katikati ya mwaka. Potwe na vifaranga wa kasa kwa safari moja ni vigumu. Kasa wakubwa unaweza kumkuta ukiogelea wakati wowote, sisi tulimwona mmoja tu kwa mbali, akatukimbia.

Mzizima Halisi:

Na viboko? Kuna mtu aliniambia Mafia kuna viboko nikamwona muongo.

Mwana Kilindoni:

Wapo mkuu, wachache, kwenye mabwawa ya ndani ya kisiwa. Inasemekana walisombwa na mafuriko ya Rufiji wakavushwa bahari. Waulize wenye mashamba ya mpunga watakusimulia, na hawatakusimulia kwa furaha.

Daktari wa Mimea:

Nimeshawishika. Sisi ni wanne, tunafikiria wiki ya kwanza ya Februari. Tulale Utende au Kilindoni?

MamaWawili:

@Daktari wa Mimea kama mnataka ufukwe wa kukaa na kitabu, Utende, na lipeni kwa hoteli yenye ofisi na mtu wa kumshika. Kama lengo ni potwe na bajeti ni ya kawaida, laleni Kilindoni siku za mwanzo, siku moja mwende Chole na kurudi. Msiweke siku ya potwe iwe ya mwisho, akikosekana mnakuwa hamna siku ya akiba. Bebeni chandarua chenu, tochi, dawa ya kichefuchefu, na hela taslimu maana mtandao wa benki una siku zake.

Kaka wa Tandika:

Februari hata mimi nipo. Daktari tuchangie boti, inapungua bei. Dada tupe namba ya huyo nahodha.

MamaWawili:

Namba za watu siweki hadharani. Njooni PM. Na mkifika mwambieni ni nyinyi mliotumwa na familia ya yule bibi, jina langu hatalikumbuka.